Aliulizwa moyo, kisukari na kifua kikuu, akajibu hana: kisa cha mdogo wangu aliyepona saratani ya mitoki utotoni

Mwezi wa tatu 2021, usiku, shangazi alinipigia simu toka Tanga akaniambia mdogo wako hapumui vizuri, mimba ina miezi saba na siku ya nne hii analala amekaa. Nikamuuliza amekaaje, akasema tumempangia mito mitatu ukutani, akijilaza tu anakurupuka kama mtu anayezama. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya moyo hapa Dar miaka kadhaa, na nikisikia mtu akilala anazama mwili unanisisimka, maana mara nyingi hapo anayelalamika ni moyo, mapafu yanasingiziwa tu.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake na ya shemeji. Majina sitaji, hospitali sitaji, na siandiki ili kumlaumu mtu. Naandika kwa sababu najua wapo wengine kama yeye, watu wazima sasa hivi, wana watoto, wana kazi, wakati wa utoto walitibiwa wakapona, na hawajui kwamba dawa ile ile iliyowaponya inaweza kuwa imeacha kitu ndani ya moyo.

Kabla ya simu ile alikuwa ameshaenda sehemu tatu. Mwezi wa pili alianza kuchoka, akipanda ngazi ya nyumba yao anasimama katikati, akaambiwa mimba hiyo, vumilia. Ikaja kikohozi cha usiku, akapewa dawa ya pumu ya kuvuta na antibayotiki za homa ya mapafu. Mtakumbuka wenyewe kipindi kile cha korona, mwanzoni mwa 2021, kila anayekosa pumzi aliitwa ana changamoto ya upumuaji, na nyumbani wakamfukiza nyungu mara mbili kwa siku, mjamzito amefunikwa blanketi, mvuke wa mwarobaini na mchaichai, hewa yenyewe hana. Miguu ikavimba mpaka kandambili haziingii. Nayo ikaambiwa ni mimba.

Sasa lawama hapa ni ngumu kidogo. Mjamzito wa miezi saba kweli huchoka, kweli huvimba miguu, kweli hupumua juu juu, na anayemuona kwa dakika tano kwenye foleni ya watu sitini atasema mimba, hata mimi huenda ningesema. Kinachotenganisha ni vile vitu viwili, kushindwa kulala chali na kukurupuka usiku unatafuta hewa, hivyo si vya mimba, na hakuna aliyemuuliza unalalaje.

Nikamuuliza shangazi swali moja tu. Shangazi, mmewaambia madaktari ule ugonjwa wa 2003? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema taratibu, mwanangu, hayo si yalishaisha?

Mwaka 2003 mdogo wangu alikuwa na miaka 12. Alitoka na mitoki shingoni upande wa kushoto, haiumi, ikawa inakua tu, jasho la usiku mpaka shuka linalowa, mwili unakwisha. Walimwanzishia dawa za kifua kikuu cha tezi, na hili kwetu ni kawaida sana kwa sababu TB ya tezi ipo na inafanana kabisa, alimeza miezi minne mitoki haipungui ndo daktari mmoja akakata kipande kikaenda kupimwa. Ikarudi limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya mitoki. Akaletwa Dar, akakaa kwetu, nakumbuka nilikuwa nampeleka mimi mwenyewe asubuhi na daladala kabla sijaenda shule, ameshika kopo la uji. Miaka ile mtu akisema anapigwa mionzi Tanzania alikuwa anamaanisha Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, hakukuwa na pengine.

Dawa zilikuwa nne kwa pamoja, kila baada ya wiki mbili, miezi sita. Moja ilikuwa nyekundu. Wote tuliokuwa pale tunaikumbuka hiyo nyekundu, ikiingia kwenye mshipa mtoto anageuza uso, na mkojo wa siku ile unatoka rangi ya Vimto, shangazi mara ya kwanza alilia akidhani ni damu. Jina lake doksorubisini. Ilitokana na bakteria wa udongo waliookotwa Italia karibu na bahari ya Adria, ndo maana jina lake la kwanza la biashara lilikuwa Adriamycin. Ni dawa nzuri. Nalisema kwa nguvu maana sitaki mzazi asome hapa akaogopa akamtoa mtoto wodini, bila dawa kama hizi mdogo wangu angezikwa 2003 na nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Baada ya dawa akapigwa mionzi shingoni na kifuani katikati, kule mitoki ilikokuwa imejazana. Katikati ya 2004 akamaliza. Akaenda kliniki ya marudio miaka mitano, 2009 akaambiwa umepona, na hiyo sentensi ndo ikafunga mlango. Shangazi aliifunga karatasi ya ruhusa kwenye mfuko wa rambo akaiweka chini ya kasha, na jambo zima likawa halitajwi tena. Sababu mnaijua. Binti anakua, wachumba watakuja, nani atataka kusikia alikuwa na kansa, watasema hazai, watasema itarudi. Shemeji alioa 2014 bila kujua, na mdogo wangu mwenyewe alikuwa anajua aliugua tezi, basi.

Mimba ya kwanza 2016 ilipita, mtoto wa kike, salama. Alichoka sana baada ya kujifungua, karibu miezi mitatu hawezi kubeba ndoo, wakasema uzazi umempiga. Nikiangalia nyuma nadhani moyo ulikuwa umeshaanza kuongea pale.

Basi usiku ule nikawaambia msingoje asubuhi, chukueni gari, mwende hospitali ya mkoa, na mkifika mseme maneno haya haya: alitibiwa saratani ya mitoki utotoni, alipewa dawa nyekundu, alipigwa mionzi ya kifua. Nikamwambia shemeji moja kwa moja kwenye simu. Hivyo ndivyo alivyojua, saa saba usiku, mke hapumui. Najua haikuwa njia nzuri ya kumwambia mume, ila sikuona nyingine.

Pale walimpa oksijeni na Lasix ya mshipa, dawa ya kutoa maji mwilini, kufika alfajiri alikojoa sana akaweza kuegemea mto mmoja, akahamishiwa Dar. Eko ya moyo, kile kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, ikaonesha chumba cha kushoto kimetanuka, kuta nyembamba, na nguvu ya kusukuma damu asilimia 28. Kwa asiyejua, hata moyo wenye afya hausukumi damu yote iliyomo, kawaida ni asilimia 55 kwenda juu kidogo, kwa hiyo 28 ni kama nusu tu ya kazi, na huyo anabeba mtoto. Tena vali ya aota, mlango wa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, ilikuwa imekunjamana pembeni na kuvuja kidogo. Presha 148 kwa 96. Hali haikutulia vya kutosha, wiki ya 34 wakamtoa mtoto kwa upasuaji, wa kiume, kilo 2 na gramu 100, alilia mwenyewe.

Hapa ndo uchambuzi wenyewe unapoanza, kwa sababu daktari wa kwanza aliandika kwenye faili ugonjwa wa moyo wa uzazi, ule unaowapata kina mama mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano baada ya kujifungua. Ni ugonjwa wa kweli, Afrika tunao sana, na kwa dalili alifaa kabisa. Ila ugonjwa huo unaandikwa pale tu ambapo hakuna sababu nyingine ya moyo kuchoka, na sababu nyingine ilikuwepo, ilikuwa chini ya kasha Tanga.

Shangazi alipanda basi na ule mfuko wa rambo. Karatasi imekuwa njano, imeandikwa kwa mkono, lakini inasomeka: doksorubisini miligramu 25 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara 12. Zidisha. Ni 300. Dozi ya mionzi haikuwemo, tukaomba kwenye faili la zamani kule alikotibiwa na wakalipata, grei (ndo kipimo cha mionzi) 2 kwa siku, siku 15, jumla 30. Daktari wa moyo alipoziona hizo namba mbili alikaa chini. Miongozo ya kimataifa ya waliopona saratani utotoni inamhesabu mtu kundi la hatari kubwa ya moyo dozi hii ya dawa ikifika 250, hata kama hakupigwa mionzi. Huyu ana 300, na mionzi juu yake, na hivyo viwili vikikutana kifuani kwa mtoto vinazidishana.

Nieleze kwa nini, maana watu huuliza inakuwaje dawa ya 2004 iumize moyo 2021. Chembe za msuli wa moyo karibu zote unazaliwa nazo, zikifa haziotei tena kama ngozi inavyoota. Doksorubisini inakata uzi wa vinasaba ndani ya chembe, ndivyo inavyoua saratani, lakini kwenye moyo nao inapata mlango wa kuingilia na inaharibu vile vinu vya nguvu vya chembe, baadhi zinakufa kimya. Mtoto hasikii kitu. Zilizobaki zinafanya kazi ya zote. Halafu mtoto anakua, mwili unakuwa mkubwa, moyo unatakiwa ukue nao lakini msuli hautoshi, kuta zinabaki nyembamba. Ndo maana waliopewa wakiwa wadogo sana wako kwenye hatari zaidi, na wasichana kuliko wavulana. Unaweza kukaa hivyo miaka kumi, ishirini, unacheza mpira, unalima, hakuna dalili, mpaka kije kitu kinachodai zaidi. Presha ni kimojawapo. Mimba ni kingine, kwa sababu damu ya mjamzito inaongezeka karibu nusu nzima, pampu inatakiwa isukume yote hiyo.

Mionzi ina njia yake. Yenyewe inaacha makovu, kwenye vali, kwenye mishipa inayolisha moyo pale inapoanzia, kwenye ngozi ya nje ya moyo, na inachelewa zaidi kujitokeza. Ile vali ya aota iliyokunjamana kwa mtu wa miaka 30 ndo ilinifanya mimi binafsi niache kuamini kwamba hili lilikuwa la uzazi tu. Uzazi haukunji vali.

Na hili si jambo la kubahatisha. Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 14,000 waliopona saratani za utotoni wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja, matokeo yakatoka 2009, waliopona walikuwa na hatari ya moyo kushindwa kazi karibu mara sita ya ndugu zao, na ya shambulio la moyo mara tano. Wale walitibiwa miaka ya 1970 na 1980, enzi mionzi ilikuwa mingi kuliko sasa, kwa hiyo mtoto anayetibiwa leo asizichukue namba hizo kama zake, siku hizi wengi wanapunguziwa mionzi au wanarukishwa kabisa dawa zikifanya kazi vizuri mwanzoni, na ipo dawa inaitwa deksrazoksani ya kukinga moyo pale dozi inapokuwa kubwa. Ila mtoto wetu wa 2003 yuko karibu na wale wa zamani.

Naomba pia nieleweke, sio kila mtoto aliyepona limfoma amebeba hatari hii. Kwetu huku limfoma ya watoto inayojulikana zaidi ni ya Burkitt, ule uvimbe wa taya na tumbo, aliyeuandika ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, mwaka 1958. Watoto wengi wa Burkitt Afrika Mashariki walitibiwa kwa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, bila ile nyekundu, na bila mionzi ya kifua. Hao hatari yao ya moyo haifanani na ya mdogo wangu. Ndo maana kumwambia mtu ulipona kansa utotoni kapime moyo hakutoshi, na kumtisha haifai. Kinachotakiwa ni jina la dawa na jumla ya dozi, na kama mionzi ilipigwa kifuani na kwa kiasi gani. Ni vitu vinavyoenea kwenye kipande cha karatasi kama tiketi ya basi.

Turudi kliniki ya wajawazito, maana hapo ndo moyo wangu mimi unaumia. Kadi ya mimba ile ya 2020 nimeishika mkononi. Aliulizwa una ugonjwa wa moyo, akasema sina. Kisukari, sina. Kifua kikuu, sina. Majibu yote matatu ni ya kweli kabisa. Hakudanganya. Nesi naye hakukosea, aliuliza alichopangiwa kuuliza. Nimejiuliza mara nyingi, kama yule nesi angeuliza tu, ulipokuwa mtoto uliwahi kulazwa muda mrefu?, angesema nililazwa Dar, na lingefuata la pili, la nini. Mwanamke aliyepewa dawa hii anatakiwa apigwe eko kabla hajabeba mimba, au ikishaingia basi miezi mitatu ya kwanza. Wangeona moyo una asilimia 40 na kitu, wangempa dawa, wangemfuatilia kila mwezi, tusingefika kwenye mito mitatu. Tangu aliporuhusiwa 2009 mpaka 2021 hakuwahi kupigwa eko hata moja, na mtu wa kundi lake anatakiwa kupigwa kila baada ya miaka miwili maisha yake yote. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni nauli, ni siku ya kazi, ni hela ya kipimo kama bima haipo, najua. Hata hivyo ni rahisi kuliko siku 19 za wodini.

Na mimi je. Mimi nilimpeleka na daladala. Mimi nilijua dawa nyekundu, nimesoma unesi, nimefanya kazi kliniki ya moyo, nikaenda kwenye harusi yake nikacheza, mimba ya kwanza nikampelekea vitenge, na hata siku moja sikuunganisha. Kwenye kichwa changu alikuwa mtu aliyepona.

Baada ya kujifungua alianzishiwa dawa za moyo, enalaprili, ambayo wakati wa mimba ni marufuku ila anayenyonyesha anaweza kuitumia, na bisoprololi na spironolaktoni. Wakampima na tezi ya shingo kwa sababu mionzi ilipita hapo hapo, ikakutwa imechoka, na tezi hii ikilala moyo nao unalala, akaanza levothiroksini, dawa ya tezi hiyo, na uchovu ukapungua wiki chache tu. Kuna na matiti. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifua ana hatari kubwa ya saratani ya matiti mapema, anatakiwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25, sio kungoja 40 au 50. Yeye alikuwa 30 na hajawahi. Amepimwa, yuko salama.

Miezi sita baadae eko ilisoma asilimia 38. Ugonjwa wa moyo wa uzazi wenyewe, wengi wakipata dawa wanarudi karibu na kawaida ndani ya muda kama huo au mwaka. Wake haukurudi, 2024 ulisoma 43, na madaktari sasa wanakubaliana kwamba mimba iliufichua moyo uliokuwa umeshapungua zamani. Jibu hili lina uzito kwenye maisha yake ya kila siku, kwa sababu dawa haachi hata akijisikia mzima, na mimba ya tatu ameshauriwa asibebe. Hilo la mwisho lilikuwa zito. Mama mkwe wake alitaka wajukuu wanne. Shemeji alikaa kimya siku mbili tatu, nikaogopa kweli, halafu akaenda naye mwenyewe kliniki ya uzazi wa mpango mdogo wangu akawekewa kijiti, na shemeji mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake, mke wangu aliugua saratani akiwa mtoto, akapona, moyo wake unahitaji kutunzwa, watoto wawili wanatutosha. Alilitamka neno saratani sebuleni, mbele ya watu. Shangazi alikuwepo, akajifunika uso na mtandio.

Sasa hivi anauza vitumbua asubuhi, anakanda mwenyewe, ndoo anabebewa. Chumvi kapunguza, presha anapima kila Jumamosi kwa kipimo tulichomnunulia, inacheza 118, 122. Mtoto wa kiume ameanza chekechea. Ile karatasi ya njano tumeipiga picha, iko kwenye simu yake, ya shemeji na yangu, na nakala moja ameigundisha na plastiki ipo ndani ya kadi ya bima, imeandikwa kwa kalamu kubwa: doksorubisini 300, mionzi ya kifua grei 30, 2003 mpaka 2004. Mwaka jana aliumwa malaria akaenda zahanati, mhudumu akamuuliza magonjwa mengine, akaitoa kabla hajamaliza swali.

Shangazi aliniuliza kama alikosea kuificha. Nilimwambia aliitunza, miaka 12 chini ya kasha, haikuliwa na mchwa wala kulowa, na bila yeye daktari asingekuwa na pa kuanzia. Ni kweli, ingawa si ukweli wote, na nadhani anajua. Eko inayofuata ni mwezi wa kumi. Shangazi kasema safari hii naye anakuja, anataka kuuona huo moyo kwenye kioo.